Miti ya Kulinganishia

Utepe wa buluu ulikatwa kutoka kwenye shati la marehemu, na hilo ndilo lililomchoma Shangazi kabla hata pipa la dawa halijafunguliwa.

Alilitambua shati mara moja. Lilikuwa lile la mikono mirefu, lenye mistari myembamba ambayo huioni mpaka uliweke juani, na kaka yake alikuwa akilivaa siku za kupeleka machungwa sokoni. Sasa lilikuwa vipande vipande kwenye mapaja ya mjane wake, na mkasi ulikuwa ukipita ndani yake bila kusita. Mjane huyo alikuwa fundi cherehani. Watu wote walimwita Fundi, hata mumewe alipokuwa hai, na mkono wake ulikuwa umezoea mkasi kiasi kwamba haukuwa na huruma na nguo ya mtu yeyote.

"Wifi," Shangazi alisema, "hilo si shati la kaka?"

"Ndilo. Kola imekwisha, kwapani limeachia. Nani atalivaa tena?"

Shangazi alitaka kusema, mimi. Si kwamba angelivaa. Angelikunja tu, akaliweka chini ya mto, basi. Lakini akasema, "Aa, nimeuliza tu."

"Zako nimezikata kwenye shuka," Fundi akamwambia, akimsogezea fungu la tepe nyeupe za kufunga kwenye miti yake. "Ile shuka kuukuu ya wageni. Nyeupe itaonekana vizuri hata kwa mbali."

Shuka ya wageni. Shangazi akazipokea tepe zake kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na kijiba kikamkaa rohoni.

Tangu msiba mambo yalikuwa hivyo. Siku ya mazishi kila aliyeingia alimwendea mjane kwanza. Walimkalia pembeni, wakamshika mkono, wakamwambia pole mama, jikaze. Wakiinuka wanamkuta Shangazi mlangoni, na wao wanamuuliza kama kuna viti vingine. Alibeba viti siku nzima. Yeye ndiye aliyembeba marehemu mgongoni akiwa mchanga, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza huku mtoto akilia njia nzima na yeye akijikaza asilie naye. Lakini pole zilikuwa na mlango wake, na mlango huo haukuwa wa Shangazi. Alilia baadaye, stoo, katikati ya makreti matupu, na hata huko alilia kwa haraka, kwa sababu kuna mtu alikuwa anamwita kuulizia sufuria kubwa.

Shamba la michungwa waliachiwa na wazazi wao. Mfereji wa maji ulilipasua katikati: upande wa juu ulikuwa wa dada, upande wa chini wa kaka. Kaka alipokuwa hai hakuna aliyeukumbuka mgawo huo. Aliihudumia miti yote kama mali moja, wakavuna pamoja, wakauza pamoja. Alipoondoka, mfereji ukawa mpaka.

Na upande wa chini, karibu kabisa na mfereji, ndipo uliposimama Kifungua.

Huo ulikuwa mchungwa wao wa kwanza. Waliubebesha wenyewe, wakiwa bado watoto, juu ya shina la mlimau lililojiotea. Kaka alishika kisu. Dada alishika kikonyo kilichokatwa kwenye mchungwa wa jirani, akakichomeka pale kisu kilipopasua, kisha akazungusha ukanda wa plastiki taratibu kama anayemfunga mtu bendeji. Uliposhika na kuzaa, kaka akauita Kifungua Mimba, baadaye ikabaki Kifungua tu. Mpaka leo ukipapasa chini ya shina utakuta uvimbe pale walipounga. Fundi aliolewa mti ukiwa umeshazaa misimu mingi. Kwa Shangazi, Kifungua ulimjua yeye kabla ya mwanamke mwingine yeyote. Lakini sasa ulikuwa mali ya Fundi, na hakuna pa kwenda kushtaki.

Kwa misimu kadhaa shamba zima lilikuwa linaumwa. Majani yaligeuka njano, yakabakiza kijani kwenye mishipa tu. Machungwa yalitoka madogo kama ndimu, na mengi yakadondoka kabla ya kuiva. Kaka alihangaika nayo mpaka alipoanguka mwenyewe. Baada ya hapo mfyatua matofali akaanza kupitapita upande wa chini. Alikuwa akichota udongo na kuuminya kiganjani kama mtu anayepima unga wa kukanda, halafu anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Fundi hakumficha wifi yake kitu. "Mimi sina mkono wa miti," alimwambia waziwazi. "Mkono wangu uko kwenye cherehani. Nitaipa msimu mmoja. Bibi Shamba ana kitu anataka kukijaribu hapa kwetu. Kikithibitika kinafanya kazi, miti inabaki. Kisipothibitika, huyu wa matofali aje, ang'oe, afyatue, na mimi nipumue."

"Na Kifungua?"

"Kifungua nao ni mti, wifi."

Shangazi hakulala vizuri usiku ule. Aliiombea dawa ya Bibi Shamba kama mtu anavyomwombea mgonjwa aliye chumba cha upasuaji.

Bibi Shamba alikuwa afisa kilimo wa eneo lile, msichana mwembamba mwenye buti kubwa na pikipiki inayokohoa. Alikuja nayo, mapipa ya plastiki yakimfuata kwenye gari la ofisi, akawakusanya wawili hao kwenye daraja la mfereji, akavua kofia yake ngumu ya pikipiki.

"Hiki si mbolea wala si sumu ya wadudu," alieleza. "Ni kirutubisho. Kina mwani, kina madini ambayo udongo wenu umeishiwa. Mchukulie ni uji wa mgonjwa. Tunapulizia majani na kumwagia mizizi, kuanzia maua mpaka matunda yakomae. Upande mmoja utapata kirutubisho, upande mwingine utapata maji matupu, siku ileile, kwa bomba la aina ileile. Mwisho tunapima. Sasa ili mtu asiseme nimependelea, chagueni karatasi."

Akawanyooshea kofia. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa. Shangazi, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichagua wa kwanza. Alikunjua, akasoma: MAJI.

"Yako ndiyo miti ya kulinganishia," Bibi Shamba akamwambia kwa uchangamfu, kana kwamba amemtunuku. "Usiidharau, Shangazi. Bila ya kwako, ya wifi yako haitaniambia kitu. Sharti ni moja tu: usiiongezee chochote. Itunze kama ulivyokuwa ukiitunza. Usizidishe hata ndoo."

"Kwa hiyo nikae niitazame inavyonyauka?"

"Ukae uitazame. Ikinyauka, inyauke kwa haki."

Wote watatu walicheka. Kicheko cha Shangazi kiliishia kwenye meno.

Walizifunga tepe siku hiyohiyo, buluu chini, nyeupe juu. Ilipofika zamu ya Kifungua, Fundi alichagua kipande chenye tundu la kifungo, akakizungusha kwenye tawi na kufunga fundo safi la kishonaji. Shangazi alisimama ng'ambo ya mfereji, ameshika shuka ya wageni.

Dawa ilikuwa nyeusi, nzito, na ilinuka molasi iliyochacha. Kila siku ya kupulizia Fundi alivaa buti za marehemu, amezijaza matambara vidoleni, akabeba bomba mgongoni na kwenda mti hadi mti huku mkono wake ukipiga mpini, chwi, chwi, chwi. Ng'ambo ya pili Shangazi naye alibeba bomba lake la maji na kwenda mti hadi mti. Mtu aliyepita barabarani angedhani ni wanawake wawili wanaofanya kazi moja. Lakini Shangazi alijua alichokuwa anakifanya yeye. Alikuwa ananawisha miti uso.

Hata hivyo angeweza kuvumilia, alijiambia baadaye, kama si Kiroba.

Kiroba alikuwa mnunuzi wa machungwa. Jina alilipata kwa ajili ya tumbo lake, na alilipenda. Alipita wakati matunda yamekuwa makubwa kama gololi, akaegemea uzio, akaanza.

"Shangazi! Mbona miti ya wifi yako imeoga ikajipaka na mafuta, ya kwako hata kitambaa haijapitishiwa?"

"Pita zako, Kiroba."

"Nimeshapita, macho ndiyo yamebaki kule chini. Ule wa karibu na mfereji, unaitwaje ule? Kifungua? Ule una majani utadhani ya plastiki. Nimeinama nikayagusa." Akapiga mluzi. "Jamani, Fundi ana mkono!"

Alikwenda zake akicheka. Shangazi alibaki ameshika bomba tupu.

Ana mkono. Neno hilo lilikuwa lake. Kaka yake alilisema miaka yote, mbele za watu, mbele ya Fundi mwenyewe: dada yangu ana mkono, dada akichomeka kijiti kinaota. Hakuachiwa shamba la chini, hakuachiwa shati, hakuachiwa hata kiti cha kukalia siku ya msiba. Aliachiwa neno hilo moja. Na sasa Kiroba, mtu wa kupita, amelichukua na kumtupia mwingine kama mfupa.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, Shangazi alivuka barabara kwenda kwa muuza maziwa, aliyefuga mbuzi.

"Nataka samadi."

"Ya nini tena? Si nasikia nyie mna dawa za kisasa?"

"Ya bustani ya mchicha."

"Mchicha gani huo wa kula toroli zima?"

"Wewe unauza au unahoji?"

Akasukuma toroli mwenyewe. Akaizika samadi kuzunguka kila shina, akaifunika kwa majani makavu ili isionekane. Siku zilizofuata akaongeza majivu. Akaloweka kinyesi cha kuku kwenye pipa mpaka kikachacha, akamwagia mizizi. Akafungulia maji ya mfereji asubuhi mapema, wakati Fundi bado yuko dukani kwake anafungua milango, akayaacha yanyweshe upande wa juu hadi udongo utoe mapovu. Akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akayafuta majani moja moja, kama mama anayewapangusa watoto nyuso kabla ya shule. Mgongo ulimuuma vibaya. Kila alipokumbuka sharti la Bibi Shamba alikuwa na jibu tayari. Si alisema itunzwe kama zamani? Na zamani, kaka angeiacha hivi?

Fundi alipita siku moja kwenye daraja, akasimama, akakunja pua.

"Wifi, mbona kunanuka mbuzi?"

"Upepo huo, unatoka kwa muuza maziwa."

Fundi akatazama chini, kwenye alama za miguu na gurudumu la toroli. "Mh," alisema. "Upepo wa leo una kwato." Na akaenda zake.

Miti ikaanza kubadilika. Majani mapya yalitoka ya kijani kibichi, mazito. Machungwa yalijaa. Kiroba aliporudi alisimama katikati ya barabara akageuza shingo huku na huku kama anayetazama mpira, na safari hii hakuwa na mzaha wowote. "Sasa hapa nimechanganyikiwa," alisema. Shangazi alijifanya anang'oa magugu, lakini lile neno aliliweka mdomoni kama pipi siku nzima.

Jambo moja tu lilimkera. Mara kwa mara, hasa akitoka sokoni jioni, alinusa molasi kwenye miti yake mwenyewe, ile ya karibu na mfereji. Aliudhika. Hata upepo, alisema moyoni, umekula njama na yule mwanamke, unaniletea harufu ya kunikoga.

Alizoea kwenda daraja la mfereji jua likielekea kuzama, akapima kwa macho. Mti wake huu, mti ule wa Fundi. Tawi hili, tawi lile. Siku moja aliona chungwa limeanguka chini ya Kifungua, kubwa tu, bado la kijani. Alifurahi. Furaha ilimjia upesi, ya dhati, kabla hajapata nafasi ya kuizuia, na akajikuta anatafuta kwa macho kama kuna jingine. Alikuwa anauombea mti ule ufifie. Mti alioufunga bendeji kwa mikono yake akiwa na miaka ya kuruka kamba. Akaishika midomo yake kwa vidole, kama aliyetukana mbele ya wazee, akageuka akarudi ndani haraka. Lakini kesho yake jioni alikuwa tena darajani.

Siku ya mavuno Bibi Shamba alikuja na mizani ya kuning'iniza. Akaitundika kwenye nguzo, wakapima kreti baada ya kreti, buluu kivyake na nyeupe kivyake. Alikata machungwa, akayakamua, akadondoshea maji yake kwenye kidude kidogo cha kutazamia utamu, akakielekeza kwenye mwanga kama anayetazama kwa darubini. Alipima majani, akahesabu yaliyooza. Alihangaika mpaka jua likapita utosini. Kisha akaketi juu ya kreti lililopinduliwa, akashusha pumzi.

"Sikilizeni. Nilikuwa na matumaini makubwa. Lakini tusidanganyane. Ya kirutubisho imezaa vizuri, na ya maji matupu imezaa vizuri vilevile. Uzito sawa, utamu sawa, majani sawa. Mvua zilikuwa nzuri mwaka huu, na miti yote imepata nafuu kwa pamoja. Hapo siwezi kusema ni dawa. Nitaandika kwamba haikusaidia kitu, na mapipa yaliyobaki tutayapeleka kwingine."

Sawa. Shangazi alilisikia neno hilo likimshuka kooni kama asali. Fundi na dawa yake, na buti zake, na bomba lake, na shati la watu alilolikatakata: sawa. Alikuwa ameinamisha uso ili mtu asione anavyotabasamu, na ndiyo maana hakuona wifi yake akitoa simu.

"Basi," Fundi alisema kwa sauti ya uchovu. "Kama ni mvua, mvua si mtu wa kuandikiana naye mkataba. Mwakani ikikataa, nitarudi kulekule kwenye majani ya njano. Nilisema nitaipa msimu mmoja, nimeipa. Ngoja nimpigie yule wa matofali."

Tabasamu lilimkauka Shangazi usoni. Alitazama ng'ambo ya mfereji. Kifungua ulikuwa umesimama na matawi yamepumzika baada ya kuvunwa, utepe wa buluu ukipepea, tundu la kifungo likionekana. Kwa msimu mzima alikuwa ameutazama mti huo kila jioni, na hakuwa ameuona. Alikuwa anashindana nao.

Simu ilikuwa inaita. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Angenyamaza, na angebaki kuwa mshindi. Watu wangesema miti ya Shangazi ilizaa kwa maji matupu, ule mkono ule! Na angekaa upande wa juu na mkono wake, akitazama chini mashimo ya udongo.

"Kata simu," alisema.

"Nini, wifi?"

"Kata hiyo simu! Miti yangu haikunywa maji matupu."

Fundi akaikata. Bibi Shamba akainua kichwa taratibu.

"Niliweka samadi," Shangazi alisema, na kwa kuwa ameshaanza akayamwaga yote. "Ya mbuzi. Na majivu. Na ya kuku ya kuloweka. Na maji nilifungulia kila asubuhi. Na majani niliyafuta kwa sabuni. Kwa hiyo usiandike kwamba dawa haifanyi kazi. Yangu ilikula, ya huyu ilikula. Ndiyo maana imelingana."

"Shangazi!" Bibi Shamba aliruka juu. "Nilikuambia nini? Neno moja tu nilikuomba! Usiongeze!"

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini?"

Shangazi angesema nini? Kwamba Kiroba alichukua neno lake?

Ndipo Fundi alipokohoa. Alikuwa anazungusha pete yake kidoleni, macho chini. "Bibi Shamba," alisema, "keti kwanza. Kaa hapo kwenye kreti. Mimi nami nina langu."

"Usiniambie."

"Kila nikimaliza kupulizia, dawa hubaki kidogo kwenye bomba. Wifi akiwa sokoni, nilikuwa navuka mfereji, namalizia kwake. Ile miti ya mbele. Niliona vibaya, miti ya ndugu wawili, mmoja anakula mwingine anatazama."

Bibi Shamba akakaa. Alikamata kichwa kwa mikono miwili. "Mmoja analisha kwa kijicho," alisema akiongea na mizani, "mwingine analisha kwa huruma, na mimi niko katikati nasukuma pikipiki. Mmeniua. Mmeniua mchana kweupe."

Lakini Shangazi hakuwa anamsikiliza. Kwa hiyo haukuwa upepo. Alisikia joto likimpanda shingoni, na halikuwa aibu. Aibu ilikuwa imeshapita. Ile miti ya mbele, ile iliyomfanya Kiroba ageuze shingo, hata hiyo hakuwa na uhakika nayo tena. Ni samadi yake, au ni masalio ya bomba la Fundi? Asingejua kamwe.

"Nani alikuambia unihurumie?" alifoka. "Nilikuomba?"

"Hukuniomba."

"Basi kwa nini? Ulitaka watu waseme Fundi ana mkono mpaka kwa jirani?"

"Wifi." Fundi aliinua macho. "Nilikuona siku ya mazishi, ukibeba viti."

Shangazi akaketi kwenye kreti.

"Nilikuona tangu asubuhi. Nilitaka kukuita uje ukae na mimi. Kila nikifungua mdomo mtu mwingine ananishika mkono ananiambia jikaze. Mpaka watu walipoisha, wewe ulikuwa umeshaosha sufuria umekwenda kwako." Akafuta pua kwa nyuma ya kiganja. "Na usifikiri mimi sina wivu. Nimeishi na mkono wako ndani ya nyumba yangu miaka yote. Dada ana mkono, dada ana mkono. Nikimshonea suruali, ananiambia asante. Wewe ukimpa mche wa pilipili, anausifu mpaka chakula kinapoa."

Shangazi alitaka kubaki na hasira, lakini kicheko kilimtoka puani bila ruhusa yake. "Ule wa pilipili ulikufa," alisema.

"Najua ulikufa. Niliumwagia maji ya moto."

"Mungu wangu!" alisema Bibi Shamba. "Na mimi nikaja kufanyia jaribio hapa."

Alipotulia, aliwaambia ukweli mwingine, kwamba kosa lilikuwa lake pia. Hakupaswa kumpa mtu mmoja dawa yote na mwingine maji yote. Ilitakiwa miti ichanganywe, mti kwa mti, juu na chini, ili kila mmoja awe na ya kulisha na ya kuacha. Alifuata mfereji kwa sababu ulikuwa rahisi. Angeripoti kwamba msimu umeharibika, na mapipa yaliyobaki angeyaombea msimu mmoja zaidi. "Kama mtaniahidi," alisema. "Na kama miti itakuwepo."

Wote wawili walimtazama Fundi. Alikuwa bado ameshika simu. Mfyatua matofali alikuwa amempigia yeye sasa. Ilitetemeka mkononi mwake, ikatetemeka, ikanyamaza.

"Atangoja," Fundi alisema, akaitia mfukoni. "Udongo hauozi."

Walirudia kuchagua kabla ya maua mapya. Kofia ileile, karatasi nyingi safari hii, wakitembea mti hadi mti pande zote mbili, Shangazi akichagua na Fundi akifunga tepe. Walipofika Kifungua, Shangazi alitia mkono akauchelewesha humo ndani kama anayeweza kusoma kwa vidole. Akatoa. Akakunjua.

MAJI.

"Rudia," Fundi alisema upesi.

"Hakuna kurudia," Bibi Shamba alisema. "Na hapa ndipo nitakapowajua. Mti huu msiuguse. Si samadi, si masalio, si sabuni. Ukitaka kuwa wa njano, uwe. Majibu ya shamba zima yanategemea miti kama huu, na majibu yakiharibika tena, mimi sirudi na matofali yanaingia."

Shangazi alifungua fundo la utepe wa buluu kwenye tawi la Kifungua. Lilikuwa limekaza, likamchukua muda. Fundi akafunga mweupe mahali pake. Shangazi alibaki ameshika kile kipande cha shati, akipitisha kidole kwenye tundu la kifungo.

"Hiki nichukue?"

"Chukua." Fundi alifikiri kidogo. "Mfuko wa kifuani ninao mimi. Huo sikupi."

"Sijakuomba."

"Nakuambia tu."

Shangazi alikifunga kitambaa kwenye pindo la nguo yake. Alikuwa na tundu la kifungo sasa, na kabla hajamaliza kufunga, moyo wake ulikuwa umeshaanza kuuwaza ule mfuko: umewekwa wapi, umekunjwaje, kama bado una harufu yake.

Msimu ule watu waliopita barabarani jioni walizoea kuwaona wanawake wawili wamekaa kwenye makreti chini ya mchungwa mmoja karibu na mfereji, mmoja upande huu wa shina na mwingine upande ule. Kiroba aliwauliza kama wanautambikia. Majani ya Kifungua yalikuwa yameanza tena kupauka kwenye kingo, na kuyatazama hivyo kuliwauma wote wawili. Kila mmoja alikuja kwa sababu hakumwamini mwenzake.

"Wifi," Fundi alikuwa akisema, pasipo kugeuka. "Mikono."

"Iko hapa," Shangazi alikuwa akijibu, akiionyesha. "Yako?"